Ninafunzwa kusema "ninajua" na mimi sijui

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 19, muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi wanawaita Wamormoni. Nakuandikia kutoka Provo, jimbo la Utah, Marekani, katika kituo wanachofunziwa wamisionari kabla ya kupelekwa nchi mbalimbali. Leo ni siku ya maandalizi, siku pekee katika wiki tunayopewa kufua, kunyoa nywele na kuandika barua. Siku zilizobaki sina nafasi hata ya kuwaza, na pengine ndiyo sababu mawazo yote yananijia usiku.

Nimeitwa kwenda Japani, misheni ya Sapporo, kwa miaka miwili. Sikuchagua mimi. Kwetu mtu hachagui: unajaza maombi, unapimwa afya, askofu wa usharika wako na rais wa kigingi, yaani msimamizi wa sharika kadhaa, wanakuhoji, halafu mmoja wa Mitume, viongozi wakuu wa kanisa huko Salt Lake City, ndiye anayeamua uende wapi. Siku wito ulipofika tuliusoma sebuleni, watu wamejaa hadi mlangoni. Mama alipiga vigelegele kabla hata hajauliza Japani iko upande gani.

Nikueleze kidogo habari zetu. Wazazi wangu ni Wakongo. Mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, tukahamia Utah ningali mtoto. Mama alibatizwa hapa, nami nikamfuata. Baba ni Mkatoliki na anasema atazikwa Mkatoliki. Hakunizuia, lakini asubuhi ya kuondoka alinishika bega akasema: "Ukianza, maliza. Mtoto wangu harudi katikati ya njia." Hakuongeza neno.

Mafunzo ya Kijapani ni takriban wiki tisa. Wiki ya kwanza tulisoma nyumbani kwa kompyuta, halafu tukaingia kituoni. Tunaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa zinazimwa saa nne na nusu usiku, na katikati ni darasa, kujisomea, kufundishana, kula, mazoezi ya viungo, kisha darasa tena. Mwalimu wetu ni kijana aliyewahi kuhudumu Japani. Tangu siku ya kwanza alituongelesha Kijapani kitupu, na wiki haikuisha kabla hajatupa kazi ya kumfundisha mtu injili kwa lugha hiyo. Mtu mwenyewe ni mwalimu anayeigiza kwamba anataka kujua habari za kanisa letu. Anatuuliza maswali, tunamtazama kama mabubu.

Wenzangu darasani wanatafsiri kutoka Kiingereza. Mimi Kiingereza chenyewe nilikikuta huku. Nyumbani tunaongea Kiswahili, baba akikasirika anahamia Kifaransa. Nikisoma sarufi ya Kijapani iliyoelezwa kwa Kiingereza najiona nazunguka nyumba nzima nikitafuta mlango.

Mwenzi wangu, yaani mmisionari niliyepangwa naye, anatoka jimbo la Idaho. Babu yake alikuwa mmisionari, baba yake pia, na kaka zake. Kanuni yetu ni kwamba wenzi hawaachani: darasani pamoja, bwaloni pamoja, kufua pamoja, chumba kimoja cha kulala. Si mtu mbaya. Ila tukiwa tunafundisha, mimi nikisita kutafuta neno, yeye analimalizia. Kila mara. Mwalimu akiniuliza mimi, anajibu yeye. Usiku huwa anaandika sana katika daftari lake, na mimi nalala nikijiuliza kama ameandika habari zangu.

Sasa Mjomba, jambo lenyewe lililonifanya nikuandikie. Katika mambo ya mwanzo kabisa tuliyofundishwa kusema kwa Kijapani ni ushuhuda. Ninajua Mungu yupo. Ninajua Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, alikuwa nabii. Ninajua Kitabu cha Mormoni ni cha kweli. Sentensi hizo nimezimudu, mwalimu amenisifu matamshi. Na mimi sijui. Sisemi ni uongo. Nasema sijui. Nikisimama Jumapili baada ya wengine kutoa ushuhuda wao, wengine machozi yanawatoka, nazisema zote, kisha naketi na mikono inatetemeka.

Askofu aliponihoji aliniuliza kama nina ushuhuda, nikasema ndiyo. Wakati ule nilitamani sana iwe ndiyo. Kata yetu, yaani usharika wetu, ilikuwa imeshanunua suti zangu mbili, mashati na koti la baridi kali, na kuna familia inachangia gharama zangu za kila mwezi. Ningesemaje?

Silali vizuri. Chakula hapa ni kingi kuliko nilivyowahi kuona, wenzangu suruali zinawabana, mimi yangu inanishuka. Kila wiki tunaruhusiwa kupiga simu nyumbani kwa video. Napiga, mama anaweka sauti kubwa, na sebuleni kuna shangazi zangu, majirani, watoto wa kanisani, kila mtu anataka kuniona na beji yangu. Nawaambia niko salama. Baba huwa anapita nyuma akielekea kazini, ananipungia mkono.

Nirudi nyumbani? Nikirudi, baba nitamtazamaje? Na nikienda Sapporo, si nitakuwa nawadanganya watu kwa miaka miwili?

Nisaidie.

Kijana wa Provo

*

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kitu kilichonishtua zaidi umekiweka karibu na mwisho, kwa haraka, kana kwamba hakina uzito: hulali, huli, suruali inakushuka. Naanza hapo.

Kesho asubuhi, kabla ya darasa, nenda kwa anayehusika na afya hapo kituoni, umweleze hayo mawili kama ulivyonieleza mimi. Huhitaji kumtolea hadithi ya ushuhuda wala ya baba. Mwambie usingizi umekatika na chakula hakipiti. Hapo wapo wa kukutibu na wapo washauri wa mambo ya akili, kwa sababu kanisa lenyewe linajua kwamba kumtoa kijana wa miaka 18 au 19 kwao, kumnyang'anya faragha na kumpa lugha mpya ni mzigo. Wamewachapia hata kijitabu kinachopanga msongo wa mawazo kwa rangi: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Kitafute. Kisha jiulize mwenyewe upo rangi gani, maana mtu asiyelala wala kula hayupo kwenye kijani, hata akitabasamu kwenye video. Na kama usiku kuna mawazo ya kujidhuru, au ya kutamani usiamke, mwamshe huyo wa Idaho saa hiyo hiyo, au piga 988, namba ya dharura ya nchi hiyo kwa mambo ya aina hiyo. Usingoje siku ya maandalizi.

Niseme pia mimi ni nani katika jambo hili. Mimi si wa kanisa lenu, ambalo tangu 2018 limeomba lisiitwe tena kwa lile jina la mkato. Sitakuambia kama Joseph Smith alikuwa nabii au hakuwa. Ukitaka hoja za upande wowote utazipata kwingine, na zitakuchosha. Nimekaa na vijana waliopitia mafunzo kama yako, waliomaliza na walioishia njiani, na nitakujibu kwa niliyoyaona kwao.

Umenifungia mizigo mitatu katika gunia moja. Kuna lugha, kuna mwenzi wako, na kuna neno "ninajua". Kwa sababu vyote vinakuuma wakati mmoja, unadhani dawa yake ni moja: kurudi nyumbani. Mimi naona viwili vya kwanza vinatibika hapo hapo. Cha tatu hakitibiwi na Kijapani kizuri wala na tiketi ya kurudi.

Lugha kwanza, nayo nitaipitia upesi kwa sababu hapo umejidharau bila sababu. Katika darasa lako lote, pengine wewe ndiye pekee aliyewahi kuishi ndani ya lugha ambayo hakuielewa. Uliingia shule ya Utah hujui neno, ukakaa kimya, ukaangalia midomo ya watu, ukaokota maneno moja moja. Mwenzako wa Idaho anafanya hivyo sasa kwa mara ya kwanza maishani. Pia acha kupitia Kiingereza. Chukua daftari, maelezo yako yote yaandike kwa Kiswahili. Vokali za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, zile zile za kwetu, na silabi zake nyingi zinaishia kwa vokali kama zetu. Ndiyo maana mwalimu anakusifu matamshi wakati wenzako wanajing'ata ulimi. Sarufi itakusumbua, mwandiko utakusumbua zaidi, lakini wiki tisa hazikuwekwa ili utoke unaongea kama mzaliwa wa Hokkaido, kisiwa chenye Sapporo. Zimewekwa ili ukifika uweze kuanza.

Na ukijiona mjinga, mkumbuke Heber J. Grant. Huyu ni Mtume wenu aliyekwenda kuifungua misheni ya Japani mwaka 1901. Kijapani kilimshinda. Alikaa miaka miwili hivi, waliobatizwa walikuwa wachache wa kuhesabika, akaondoka. Misheni ikajikokota, mwaka 1924 ikafungwa kabisa, haikufunguliwa tena mpaka 1948. Grant mwenyewe akaja kuwa Rais wa kanisa lote tangu 1918 hadi alipofariki 1945. Sikupi kisa hiki ili ujipe moyo kwamba nawe utakuwa Rais. Nakupa ili ukiona kijana wa darasani anaongea kwa mbwembwe usidhani Mungu amemchagua kwa sarufi.

Sasa mwenzi wako. Mpwa wangu, umeishi na mtu huyo usiku na mchana, na katika barua nzima sikuona mahali ulipomuuliza jambo. Unajua kazi ya babu yake, hujui kwa nini anaandika usiku. Mtu ambaye babu, baba na kaka zake wote walikwenda na kurudi, unadhani yeye alipewa nafasi ya kusema hapana? Tangu zamani kanisani kwenu kijana wa kiume aliye na afya anatarajiwa kuhudumu, na Russell Nelson, aliyekuwa Rais wa kanisa lenu, alilirudia hilo waziwazi mwaka 2022. Dada zenu wanaambiwa wanakaribishwa, nyinyi mnaambiwa ni wajibu. Kwa mtoto wa familia kama ile, wajibu huo haukuletwa na barua ya wito, alizaliwa ukimngoja. Inawezekana daftari lile limejaa hofu zake mwenyewe. Inawezekana pia limejaa maneno ya Kijapani. Sijui mimi, wala hujui wewe, na kuulizana hakuna gharama.

Kila wiki mnatakiwa kuketi wawili na kuzungumza jinsi mnavyoishi na kufanya kazi pamoja. Wengi huimaliza kwa dakika mbili: kila kitu sawa, tusali. Safari hii usikubali iishe hivyo. Mwambie hivi, kwa upole na bila kuzunguka: "Nikisita, unanimalizia. Najua unataka kunisaidia, lakini nabaki bubu. Naomba nikinyamaza uhesabu kumi moyoni kabla hujafungua mdomo." Basi. Usimwongezee makosa mengine, usiseme "wewe siku zote". Kama ni muungwana atashtuka, maana wanaomalizia maneno ya wenzao huwa wanadhani ni wema. Akikataa, una kiongozi wa wilaya yenu, yaani kikundi chenu hapo kituoni, na una rais wa tawi, mlezi wa wamisionari wa sehemu yenu, na kulipeleka kwao si kumchongea mtu.

Nikiwa hapo, nikusaili kidogo: kwenye simu na mama, mwenzi wako huwa karibu, lakini Kiswahili hajui. Kwa hiyo aliyekufunga mdomo si yeye. Ni sebule. Wewe unahitaji dakika kumi za mama bila shangazi, bila majirani, bila sauti kubwa, na mama hawezi kujua hivyo usipomwambia. Mwandikie leo, ujumbe mfupi: "Mama, wiki ijayo nitapiga mapema, naomba uwe peke yako chumbani, kuna neno nataka kukwambia, sijaumwa." Hilo la mwisho usilisahau, la sivyo atafika Provo kabla ya wiki ijayo. Kumbuka kwamba wamisionari waliotangulia, kabla kanuni haijabadilishwa Februari 2019, walipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Akina Mama, basi. Wewe umepewa kila wiki, halafu unaitumia kuonyesha beji.

Nimefika kwenye "ninajua".

Hapa sitakubembeleza: kusimama mbele ya watu na kusema unalijua jambo ambalo hulijui, kila Jumapili, huku mwili unatetemeka, ni kitu kinachomla mtu. Sishangai hulali. Na hofu yako kwamba utawadanganya watu wa Sapporo ni hofu ya mtu mwenye dhamiri. Anayepaswa kuogopwa ni yule asiyeona tofauti yoyote.

Lakini nani amekuambia sentensi ni hiyo moja tu? Mwalimu wenu aliwapa "ninajua" mapema kwa sababu ni fupi, inajirudia, na kila mmisionari ataihitaji siku moja. Mwendee baada ya kipindi, umwombe akufundishe tatu nyingine kwa Kijapani: "ninatumaini", "ninatamani kujua", na "nimeanza kuamini". Halafu chunguza kila jambo katika ushuhuda wako, uone linastahili kitenzi kipi. Pengine kuhusu Mungu unaweza kusema ninaamini bila kutetemeka. Kuhusu Joseph Smith, pengine ni ninatamani kujua. Kuhusu mama yako kubadilika tangu abatizwe, hapo labda ninajua itatoka yenyewe, kwa kuwa uliona kwa macho. Jumapili ijayo simama na hizo. Ushuhuda wako utakuwa mfupi kuliko wa wenzako, na hakuna atakayekutoa nje.

Wala hutakuwa umezua dini mpya. Katika Kitabu cha Mormoni chenu wenyewe, Alma sura ya 32, mhubiri anawaambia maskini waliofukuzwa kwenye masinagogi kwamba hata wasipoweza zaidi ya kutamani kuamini, waiache tamaa hiyo ifanye kazi ndani yao. Tamaa tu. Na yule baba katika Injili ya Marko, aliyempeleka mwanawe mgonjwa kwa Yesu, alilia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanawe aliponywa. Haya ni maandiko utakayoyabeba Sapporo mkobani, kwa hiyo una haki ya kuyatumia kwanza kwako mwenyewe. Mjapani atakayekusikiliza, ambaye uwezekano mkubwa hajawahi kusoma ukurasa wa Biblia, sidhani atakuona mdogo kwa kukusikia ukisema ninatumaini. Huenda ndicho kitu pekee utakachosema ambacho na yeye anakitambua.

Halafu kuna askofu. Ulimjibu ndiyo ukiwa unatamani iwe ndiyo. Jambo hilo lina mlango wake, nao ni rais wa tawi lenu hapo kituoni. Omba kuonana naye faragha. Mweleze yote: ndiyo ya askofu, suti za kata, baba, Jumapili na mikono yako. Usimpe toleo lililopunguzwa makali. Watu wanaopewa kazi ile kwa kawaida ni watu wazima waliolea watoto na wajukuu, na kijana mwenye shaka hatakuwa wa kwanza kuketi kwenye kiti chake. Ukitoka kwake utajua angalau kama huzuni hii ni ya kutojua, au ni ya kujua kwamba hutaki kwenda. Hizo mbili hazifanani hata kidogo, na katika barua yako sikuweza kuzitenganisha. Nina wasiwasi hata wewe hujazitenganisha.

Unaniuliza urudi nyumbani. Kwa maoni yangu, si wiki hii. Usiamue ukiwa hujalala, usiamue usiku, na usiamue kabla ya kuonana na daktari, mwenzi wako na rais wa tawi. Wapo wengi waliokaribia kufungasha mafunzoni na baadaye wakashangaa ilikuwaje, kwa sababu mafunzo yale si picha ya misheni yenyewe: huko mtaani unatembea, unakutana na watu wa kweli, unapotea njia, unacheka. Kukaa darasani tangu asubuhi hadi usiku ukimfundisha mtu anayejifanya hajui kunachosha namna yake.

Lakini pia usipande ndege na siri hii. Hapo nina msimamo mkali kuliko unavyotegemea kwa mjomba. Kutoka Provo hadi Salt Lake City ni mwendo wa gari usiozidi saa moja. Kutoka Sapporo ni bahari nzima, na yule atakayerudi kutoka kule baada ya miezi minne amevunjika atakuwa na safari ngumu kuliko wewe leo. Ukishasema ukweli wote, ukalala, ukala, ukamsikiliza rais wa tawi, na bado moyo unasema hapana, basi rudi ukiwa umesimama. Kuna njia zaidi ya ile ya kupanda gari na kutokomea. Kanisa lenu lina misheni za huduma, ambapo kijana anaishi kwao na kufanya kazi za kusaidia watu, na wapo waliohamishiwa huko kwa sababu za afya ya mwili au ya akili na bado wakaitwa wamisionari. Kuna kuahirisha. Kuna kukaa nyumbani, kusoma, na kutoenda kabisa. Sitakuficha kwamba katika jumuiya kama ya Utah anayerudi mapema hutazamwa. Watu watauliza, wengine kwa midomo, wengine kwa macho. Litakuuma kwa muda, hasa Jumapili.

Suti na mashati usiyahesabu. Watu wa kata walichangia kwa hiari, na kama kuna mmoja aliyekuwa akinunua uamuzi wako badala ya suti, hilo ni deni lake. Familia inayochangia kila mwezi itaambiwa, itaacha, yatakwisha.

Aliyebaki ni baba, nami nimemwacha mwisho kwa sababu nadhani ndiye mtu unayemwandikia barua hii kupitia kwangu. Mtu aliyetoka Kongo, akaishi kambini Nyarugusu na familia, akaanza upya Marekani, ana maana yake anaposema hatarudi mtu katikati ya njia. Kwake njia ilikuwa ile ambayo kurudi nyuma ni kufa. Sidhani alikaa akapima kama neno hilo linaingia kwenye misheni ya kanisa ambalo hata si lake. Alikupa neno lenye nguvu kuliko yote aliyokuwa nayo, asubuhi ya kuachana, basi. Wewe umeligeuza hukumu. Labda kweli ni hukumu, baba wengine ni wagumu hivyo, lakini hujawahi kumuuliza. Unamwona akipita nyuma ya simu akielekea kazini.

Mpigie yeye, si mama, siku moja. Tafuta saa ambayo ameamka na hajaondoka. Usianze na kurudi. Mwambie, "Baba, silali." Mpe nafasi ajibu, na akikaa kimya mwache akae kimya, usikimbilie kuujaza ukimya wake kwa maneno. Akihamia Kifaransa, utajua amekasirika, na utakuwa umejifunza jambo. Ila sina hakika kwamba atahamia.

Nikiwa sijakosea hesabu za mafunzo yenu, bado una siku za maandalizi kadhaa kabla ya safari. Ya kwanza mpe mama, ya pili baba. Kwa daktari ni kesho.

Wako,
Mjomba